Safu ya Penseli

Jumamosi nne mfululizo tuliizunguka Reading
na daftari la Mwakio lenye mistari ya wima:
shule, stesheni, kodi ya halmashauri, kelele,
na safu ya mwisho, kwa penseli, "watu",
ambayo hakujua aijaze vipi
akaiacha wazi.

Mchagua jembe si mkulima, nikamwambia.
Akasema, jembe hili tutalilipa miaka thelathini na mitano.
Hesabu zake ni fupi, lakini zina meno.

Caversham tuliipenda kwa macho.
Mto umejilaza, mabata wanatembea kama wenye hatimiliki,
na bei kwenye dirisha la dalali tuliisoma mara mbili,
tukidhani sifuri moja ni uchafu wa kioo.

Woodley, kila ua ulifanana na mwenzake kama sare za shule.
Tukashuka garini, tukainua shingo kutazama mifereji ya paa,
kama watu wanaojua wanachokitazama.
Mwanamume akateremka ngazi, brashi ya rangi mkononi.
"Mmepotea?"
Alitabasamu. Nakiri, alitabasamu.
Lakini neno lile nililigeuza usiku kucha
kama mgonjwa asiyepata ubavu wa kulalia:
mmepotea, niwaelekeze?
mmepotea, mtaondoka lini?
Mwakio aliandika: kelele, hakuna.

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku.
Mtaa hauonyeshi uso wake saa nane mchana
mbele ya dalali aliyejipulizia manukato.
Basi nilitoka wodini nikaenda Earley gizani, peke yangu,
nikasimama kituoni na viatu vyangu vya kazi.
Mbweha akavuka barabara bila haraka.
Taa tatu za jikoni ziliwaka kabla ya saa kumi na moja,
nikasema moyoni: hawa ni wenzangu.
Nyumba ile iliuzwa kabla sijaamka.

Mama mkwe akapiga simu kutoka Wundanyi.
"Jirani ni nani?"
Mwakio akamsomea matokeo ya shule.
"Sijakuuliza shule. Mtoto akiungua nanyi hampo,
nani atasikia?"

Jumamosi ya tano, Tilehurst, mvua ya kukata mtu mfupa.
Nyumba nyembamba, zulia rangi ya maini,
tuliliona kupitia tundu la barua,
maana dalali alikuwa bado njiani, "dakika tano",
dakika tano za watu wenye funguo.
Mwadime, miaka minne, amebana miguu.
"Mama, inatoka."

Mlango wa mkabala ukafunguka.
Bibi mwenye ndara, kifaa cha kusikia sikio moja.
Hakutuuliza ni akina nani.
Hakutuuliza tunatoka wapi, kisha wapi hasa.
Alisema: "Mlango wa pili kulia. Kamba ya taa ni fupi,
mnyanyueni."

Tukasimama kwenye ukumbi wake tukichuruzika maji.
Ukuta wa nyuma wa ile nyumba una unyevu, akatuambia,
msikubali kijana yule awadanganye, punguzeni bei.
Taka huchukuliwa Jumanne.
Mumewe alifia kwenye kile kiti, pale,
akitazama mashindano ya farasi, na farasi wake akashinda.
Alicheka. Hatukujua tucheke, kwa hiyo tulichelewa kidogo.

Mwadime akatoka, suruali nyuma-mbele,
akauliza kama samaki wa kwenye pazia la bafu wana majina.
"Wanayo," akajibu Bi Doreen,
"ila siwezi kukutajia wote leo."

Dalali alipofika tulikuwa tumeshamaliza kuiona nyumba,
ingawa hatujaingia.

Garini vioo vilifunga ukungu.
Mwakio akafungua daftari, akatafuta penseli chini ya kiti,
akapata, akaandika kwenye ile safu.
Nilichungulia:
*kamba ya taa ni fupi.*

Ukuta wa nyuma bado una unyevu.
Kila kiangazi tunaupaka rangi,
na kila masika unatuonyesha tena ramani
ya nchi ambayo hatujaitembelea.